Pochi za Sarafu za Kidijitali Zisizounganishwa na Mtandao, na Milango ya Nyuma Ndani ya Vifaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaotumia sarafu za kidijitali hapa Uganda: wafanyabiashara wa Kikuubo, vijana wanaolipwa kwa Bitcoin kwa kazi wanazowafanyia watu wa ng'ambo, na wazee wachache waliowahi kuchomwa na miradi ya ulaghai ambao sasa huuliza maswali magumu kuliko wote. Kila jibu linajitosheleza, na pale ambapo jambo limeelezwa kwingine utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Pochi isiyounganishwa na mtandao ni nini, na inahifadhi nini hasa?

Pochi haihifadhi sarafu. Sarafu ni maandishi katika leja ya umma ambayo nakala zake zimetapakaa katika kompyuta za dunia nzima. Kinachokaa ndani ya pochi ni ufunguo wa siri, yaani namba kubwa mno inayomwezesha aliye nayo kutia saini ya kuhamisha sarafu hizo. Vifaa kama Trezor, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014 kutoka Jamhuri ya Czech, Ledger ya Ufaransa na Coldcard ya Kanada vimetengenezwa ili ufunguo uzaliwe ndani ya kifaa, utumike humo humo, na usitoke.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kunakili namba hiyo bila kukosea, huandikwa kama maneno 12 au 24 kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048, utaratibu uliowekwa mwaka 2013 na unaoitwa BIP39. Hapa tutayaita maneno ya urejeshaji. Aliyeyaona maneno hayo ana pesa zako, hata kama kifaa kimefungiwa kabatini kwako.

2. Mlango wa nyuma ni nini, na unatofautianaje na kasoro?

Kasoro ni kosa la fundi. Mlango wa nyuma ni njia iliyoachwa kwa makusudi ili mtu fulani apite bila ruhusa ya mwenye kifaa. Njia hiyo inaweza kuwekwa katika mchoro wa chipu kiwandani, katika programu inayokiendesha kifaa, katika sehemu inayozalisha namba nasibu, au safarini, pale mtu anapofungua boksi, akabadilisha chipu na kulifunga tena.

Kwa aliyeibiwa tofauti hiyo haina maana kubwa. Kwa mchunguzi ina maana, kwa sababu mlango uliotengenezwa kwa ustadi hufanana kabisa na kosa la bahati mbaya, na aliyeuweka hubaki na nafasi ya kusema alikosea.

3. Je, jambo hili limewahi kutokea kweli, au ni hofu tu?

Limetokea, na mara nyingine kwa miaka mingi bila kujulikana. Kampuni ya Crypto AG ya Uswisi iliuza mitambo ya kuficha mawasiliano kwa serikali zaidi ya 100, na mwaka 2020 ilifichuliwa kwamba tangu 1970 ilikuwa ikimilikiwa kwa siri na mashirika ya kijasusi ya Marekani na Ujerumani Magharibi. Mfano wa pili ni Dual_EC_DRBG, njia ya kuzalisha namba nasibu iliyoidhinishwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2006. Mwaka uliofuata Dan Shumow na Niels Ferguson walionyesha kwamba aliyezichagua namba zake za msingi angeweza kuzibashiri namba zote zinazofuata. Hata hivyo iliondolewa mwaka 2014 tu, baada ya nyaraka za siri za kijasusi za Marekani zilizovujishwa na Edward Snowden.

Katika pochi zenyewe, mfano unaofundisha zaidi ulielezwa na Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, mwezi Mei 2023. Mtu alinunua kifaa kilichoonekana kuwa Trezor Model T, kikafanya kazi vizuri, kisha siku moja Bitcoin 1.33 zikaondoka wakati kifaa hakijaunganishwa na kompyuta yoyote. Kilipofunguliwa, nusu mbili za ganda lake zilikuwa zimegandishwa kwa gundi nyingi na utepe wa kunata pande mbili, na chipu kuu ilikuwa imebadilishwa. Programu iliyowekwa ilikuwa ikimpa mteja maneno ya urejeshaji kutoka katika seti 20 tu zilizotayarishwa, ambazo mwizi alikuwa nazo tangu mwanzo.

4. Kifaa changu hakigusi mtandao kabisa. Siri itatokaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo msingi wa mengine yanayofuata. Kuna njia mbili, na zote mbili huonekana halali machoni.

Ya kwanza iko mwanzoni kabisa, kifaa kinapozalisha maneno. Kama aliyetega anajua tayari ni maneno gani yatatokea, hahitaji kutumiwa chochote. Anakaa kwake akiangalia leja ya umma, akisubiri sarafu ziingie. Ndivyo ilivyokuwa kwa kifaa cha swali la 3.

Ya pili ni saini yenyewe. Kila saini ya Bitcoin hujengwa kwa kutumia namba ya mara moja ambayo kifaa hujichagulia, na namba hiyo inaweza kuchaguliwa kwa hila ili ibebe ndani yake vipande vya ufunguo. Saini itakubaliwa, muamala utapita, sarafu zitafika kwa mlengwa, wala hakuna atakayeona tofauti. Lakini aliyetega anasoma leja kama mtu mwingine yeyote na kuokota vipande vyake. Adam Young na Moti Yung waliieleza mbinu ya aina hii mwaka 1996, miaka 13 kabla Bitcoin haijaanza. Mwezi Agosti 2024 Lloyd Fournier, Nick Farrow na Robin Linus walionyesha namna ya kuifanya kwa wepesi wa kutisha, wakaiita Dark Skippy: saini mbili tu zinatosha kuvujisha maneno 12 yote.

Kwa hiyo kupeleka miamala kwa msimbo wa QR au kwa kadi ya memori badala ya waya wa USB ni tahadhari nzuri dhidi ya kompyuta yenye virusi, lakini hakuzuii kifaa chenyewe kusaliti. Kila saini ni barua inayotoka nyumbani, nawe huwezi kusoma yote yaliyomo. Ndiyo maana swali la kujiuliza si kama kifaa ni safi, jambo ambalo hakuna mteja awezaye kulithibitisha, bali ni nini kitatokea kama si safi.

## Maneno ya urejeshaji na namba nasibu

5. Nitajuaje kama maneno niliyopewa na kifaa ni ya nasibu kweli?

Kwa kuyatazama, huwezi. Maneno yaliyotokana na hesabu ya siri ya mwizi yanafanana kabisa na yaliyotokana na bahati tupu. Maneno 12 ya kweli huchaguliwa kati ya uwezekano unaoandikwa kwa namba yenye tarakimu 39. Kifaa kile bandia kilichagua kati ya 20.

Si lazima kuwe na nia mbaya. Mwaka 2023 iligundulika kwamba programu ya Libbitcoin Explorer ilikuwa ikizalisha maneno kwa biti 32 tu za nasibu, zinazotokana na saa ya kompyuta, yaani uwezekano wa bilioni 4.3 hivi, ambao kompyuta ya mezani huumaliza kwa muda mfupi. Tarehe 12 Julai mwaka huo wezi walizoa sarafu kutoka pochi nyingi kwa pamoja, na jumla ya hasara ilipita dola 900,000. Waathirika wengine walikuwa wametunza maneno yao kwa uangalifu wa kupigiwa mfano, ila maneno yenyewe yalikuwa dhaifu tangu kuzaliwa.

6. Je, naweza kuzalisha maneno mwenyewe?

Ndiyo, kwa dadu, na kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo. Vifaa kadhaa, kwa mfano Coldcard na SeedSigner, vinakubali uingize matokeo ya dadu ulizorusha mwenyewe. Mrusho mmoja wa dadu ya pande sita hutoa biti zipatazo 2.58, kwa hiyo mirusho 50 inatosha kwa maneno 12, na mirusho 99 kwa maneno 24. Dadu za ludo zinazouzwa kila mtaa zinafaa, ingawa nyingi hazina uzito sawa pande zote. Tumia tatu au nne tofauti na urushe zaidi ya idadi hiyo. Usibuni namba kichwani kwa sababu umechoka kurusha, wala usiyachague maneno mwenyewe, kwani akili ya binadamu hurudia mambo yale yale bila mwenyewe kujua.

Halafu kuna jaribio ambalo wengi hulipita. Kabla ya mirusho ya kweli, fanya ya majaribio. Ingiza matokeo hayo katika kifaa, kisha uyaingize pia katika kompyuta isiyo na mtandao yenye programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) ya kukokotoa maneno, na ulinganishe. Yakilingana, futa kila kitu na uanze na mirusho ya kweli, ambayo haitaingizwa kwingine. Kifaa hakina namna ya kujua ni mirusho ipi ya majaribio, hivyo kikidanganya katika hatua hii kinajihatarisha kukamatwa. Jaribio hili linafunga njia ya kwanza ya swali la 4. Njia ya pili inabaki wazi, na inajadiliwa katika swali la 14.

7. Neno la ziada, wengine huliita neno la 25, linasaidia?

Ni neno unalojichagulia na kuliongeza juu ya maneno ya urejeshaji. Linasaidia sana dhidi ya mtu aliyeiba kifaa au aliyeokota karatasi yako, kwa sababu bila neno hilo maneno ya urejeshaji hufungua pochi nyingine kabisa. Dhidi ya kifaa kibovu halina nguvu hiyo. Katika kifaa bandia cha swali la 3, programu ilikuwa ikitumia herufi ya kwanza tu ya neno la ziada. Mwenye kifaa angeweza kuandika sentensi nzima, na bado mwizi angehitaji kujaribu uwezekano 1,280 tu.

## Kupata kifaa ukiwa Uganda

8. Duka moja mjini Kampala linauza pochi hizi kwa bei nafuu. Ninunue?

Hapana, wala usinunue iliyotumika. Agiza kwa mtengenezaji mwenyewe, au kwa wakala ambaye mtengenezaji amemtaja katika tovuti yake. Niliwahi kuonyeshwa dukani kifaa ambacho ndani ya boksi lake mlikuwa na kadi yenye maneno 24 yaliyokwisha kuandikwa kwa kalamu nzuri, na kijana wa duka akanieleza kwa heshima zote kwamba hiyo ni huduma kwa mteja asiyejua kuweka. Labda kijana mwenyewe alikuwa amedanganywa na aliyemletea mzigo. Maneno unayokuta yameandikwa, kwenye kadi au kwenye karatasi ya kukwangua, ni ya mwizi.

9. Lakiri ya boksi ilikuwa nzima. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Lakiri huuzwa kwa mafungu, na kifaa kilichochunguzwa na Kaspersky kilikuwa na boksi na vibandiko vinavyong'aa visivyo na dalili ya kuguswa. Kagua zaidi ya hapo: tumia ukaguzi wa uhalisi uliomo katika programu ya mtengenezaji, linganisha ganda na picha rasmi, na usome toleo la programu ya kuwashia. Kifaa kile kilijitaja kuwa na toleo 2.0.4, ambalo kampuni ya Trezor haikuwahi kulitoa. Mteja makini angeligundua hilo kwa dakika kumi za kusoma.

10. Naweza kutumia simu ya zamani isiyo na laini kama pochi baridi, yaani isiyounganishwa na mtandao?

Unaweza, na ni afadhali kuliko kuweka akiba katika simu unayotumia kila siku, lakini usiiite salama. Simu ni mashine kubwa yenye chipu za mawasiliano, programu nyingi na watengenezaji wengi waliopitisha mikono yao. Mwaka 2020 wachunguzi wa Secure-D walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia na Ghana, zilikuwa zimetoka na programu hasidi za Triada na xHelper kabla hazijawashwa na mteja. Kampuni ilisema aliyehusika ni mtoa huduma mmoja katika mnyororo wa ugavi, na ndipo somo lilipo: hata muuzaji asiye na nia mbaya anaweza kukuuzia mlango wa nyuma.

Kama huna njia nyingine, futa simu yote, usiiunganishe tena na mtandao, zalisha maneno kwa dadu, na uweke kiasi ambacho hakitakuumiza.

11. Je, ni hatari kumpa muuzaji jina na anwani yangu?

Ndiyo. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger ziliibwa: anwani za barua pepe zipatazo milioni moja, na kwa wateja karibu 272,000 pia majina, namba za simu na mahali wanapoishi. Mwaka uliofuata baadhi yao walitumiwa kwa posta vifaa bandia vyenye barua iliyosema ni mbadala salama. Agiza kwa sanduku la posta au ofisini, tumia barua pepe ya peke yake, na ukumbuke kwamba hakuna kampuni yenye sababu ya kukuuliza maneno ya urejeshaji.

## Ndani ya kifaa na wakati wa kutia saini

12. Programu ikiwa huria, si kila mtu ameikagua?

Programu huria inakaguliwa na wale wanaojitolea kuikagua, na wakati mwingine hao ni watu watatu. Zaidi ya hayo, msimbo uliochapishwa si lazima uwe ndio unaotembea ndani ya kifaa chako. Ken Thompson alionyesha mwaka 1984 kwamba hata msimbo safi unaweza kutoa programu chafu ikiwa programu inayoutafsiri kuwa lugha ya mashine imechezewa. Penda vifaa ambavyo mtu wa nje anaweza kujenga programu yake upya na kupata faili ile ile biti kwa biti. Chipu yenyewe, hata hivyo, karibu kila mara itabaki kisanduku kilichofungwa.

13. Kifaa chenye chipu salama ni bora kuliko kisicho nayo?

Chipu salama ni chipu maalumu ya kulinda siri dhidi ya mtu aliyeshika kifaa. Ubora wake unategemea unamwogopa nani. Mwezi Januari 2020 maabara ya Kraken, soko la sarafu za kidijitali, ilionyesha kwamba mtu mwenye Trezor ya wakati ule mkononi kwa dakika 15 na vifaa vya kuyumbisha umeme wake angeweza kunyofoa siri yake. Kwa anayeishi chumba cha kupanga chenye wapita njia wengi, chipu salama ni kinga ya maana dhidi ya shambulio hilo, kama lilivyo neno la ziada la swali la 7.

Kwa upande mwingine, chipu salama hutengenezwa chini ya mikataba ya siri, na hakuna anayeweza kuifungua na kuisoma kwa urahisi. Vyeti vyake havimalizi mjadala: mwezi Septemba 2024 maabara ya usalama ya NinjaLab ilieleza udhaifu ulioitwa EUCLEAK, uliokaa ndani ya maktaba ya programu za chipu za Infineon kwa miaka 14 na kupita tathmini nyingi rasmi. Udhaifu huo ulihitaji kushika kifaa na kuwa na vyombo vya gharama, kwa hiyo si jambo la kukunyima usingizi. Lakini unaonyesha cheti kinathibitisha nini na kinaacha nini.

14. Kuna dawa ya saini zinazovujisha siri?

Ipo, nayo ni kuinyima pochi uhuru wa kuchagua namba ya mara moja peke yake. Katika utaratibu huu kompyuta au simu yako huchangia namba yake nasibu, na kisha huhakiki kwamba mchango huo umeingia kweli katika saini. BitBox02 na Jade ya Blockstream zina utaratibu huo. Ili siri ivuje, ingebidi kifaa na programu ya kompyuta vishirikiane katika hila, jambo gumu zaidi ikiwa vimetengenezwa na watu tofauti. Vifaa vingi bado havina kinga hii, na inashangaza jinsi watengenezaji wanavyoitangaza kwa sauti ndogo kuliko rangi za kioo.

Dawa nyingine ni kutia saini mara chache: weka akiba, usiiguse. Na dawa ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, iko katika swali la 18.

15. Kwa nini nisome kioo cha kifaa ikiwa kompyuta imeshanionyesha muamala?

Kwa sababu kompyuta inaweza kusema uongo, na kifaa kitatia saini kile kilicholetwa, si kile unachodhani kimeletwa. Tarehe 21 Februari 2025 soko la sarafu za kidijitali la Bybit lilipoteza sarafu zenye thamani ya dola bilioni 1.5 hivi, wizi ambao FBI iliuhusisha na Korea Kaskazini. Watia saini walikuwa na pochi za kifaa, na vifaa hivyo havikuwa na mlango wowote wa nyuma. Ukurasa waliouona ulikuwa umechezewa, na vioo vidogo vya pochi havikuwaonyesha maana halisi ya walichokiidhinisha.

Linganisha anwani yote, herufi kwa herufi, kwani wezi hutengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho. Kama kioo kinaonyesha msururu usioeleweka, kataa.

16. Nisasishe programu ya kifaa kila inapotoka?

Sasisha kunapokuwa na sababu ya kiusalama, baada ya wiki chache ili wengine wawe wamekwisha kuijaribu, na kwa faili iliyohakikiwa saini ya mtengenezaji. Mwezi Mei 2023 Ledger ilitangaza huduma ya hiari ya kuhifadhi siri ya mteja kwa vipande kwenye kampuni kadhaa, na wateja wengi walishtuka kugundua kwamba sasisho linaweza kuufanya ufunguo utoke. Haukuwa mlango wa nyuma, kwa maana ulitangazwa na ulihitaji ridhaa. Ulionyesha tu kwamba ahadi ya ufunguo usiotoka ni ahadi ya programu, na programu hubadilishwa.

## Kutunza akiba

17. Maneno niyaweke wapi? Karatasi yangu imeliwa na mchwa.

Huyo si wa kwanza. Mchwa, mvua inayovuja juu ya bati na moto ni maadui wa karibu kuliko majasusi wa swali la 3. Yachonge katika kipande cha chuma cha pua, kinachoyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,400, wala si aluminiamu kama ya sufuria, inayoyeyuka kwenye 660. Mafundi wa Katwe watakukatia bamba na kukuuzia seti ya nyundo na herufi za kugonga. Herufi nne za kwanza za kila neno zinatosha, maana katika orodha ya Kiingereza ya BIP39 hakuna maneno mawili yanayofanana herufi hizo. Gonga mwenyewe, nyumbani. Nimesikia mtu akimpa fundi karatasi ili amgongee.

18. Pochi ya saini nyingi ni nini, na kwa nini inasifiwa hivyo?

Ni mpangilio ambao funguo tatu, kwa mfano, hutengenezwa na vifaa vitatu, na muamala huhitaji saini za viwili vyovyote. Ukichagua vifaa vya watengenezaji watatu tofauti wenye chipu tofauti, mlango wa nyuma ulio katika kimoja hautoshi kuiba chochote: aliyetega atapata ufunguo mmoja na kukwama. Hapo ndipo swali la nini kitatokea kama kifaa si safi linapata jibu linaloridhisha, bila kuhitaji kumwamini mtengenezaji yeyote kikamilifu. Kifaa kimoja kinaweza kukaa Kampala, kingine kijijini, na cha tatu kwa ndugu unayemwamini.

Gharama yake ni uangalifu. Ili kuirejesha pochi hiyo unahitaji siri mbili na pia funguo za umma za vifaa vyote vitatu, na watu hupoteza akiba kwa kusahau jambo hilo la mwisho. Hifadhi nakala ya faili ya maelezo ya pochi, yenye funguo hizo za umma, pamoja na kila bamba la chuma. Faili hiyo haiwezi kuhamisha sarafu, ingawa anayeiona ataweza kuona salio lako. Na kabla ya kupokea kiasi kikubwa, hakikisha anwani inaonekana sawa kwenye kioo cha angalau vifaa viwili.

19. Nina dola 200 tu. Yote haya yananihusu?

La. Pochi nzuri ya simu, maneno yaliyoandikwa na kufichwa, na kimya kuhusu ulicho nacho vinatosha. Kifaa kina maana pale hasara ingekuwa ya miezi kadhaa ya mapato, na saini nyingi pale ingekuwa ya miaka.

## Maswali ya pembeni

20. Mtandao ukizimwa, kama Januari 2021, sarafu zangu zinakuwaje?

Hazibadiliki, kwa sababu leja haiko Uganda peke yake. Usichoweza ni kutangaza muamala. Hata hivyo unaweza kuutia saini nje ya mtandao, ukaubeba katika kadi ya memori na kumpa mtu aliye ng'ambo ya mpaka, Busia au Malaba upande wa Kenya, autangaze. Yeye hawezi kubadilisha kiasi wala mlengwa, kwa kuwa saini ingeharibika. Weka ada ya kutosha, maana huko aliko hataweza kuiongeza kwa niaba yako.

21. Sheria ya Uganda inasemaje kuhusu pochi hizi?

Waraka wa Benki Kuu ya Uganda wa Aprili 2022 uliwakataza watoa huduma za malipo wenye leseni kuwezesha miamala ya sarafu za kripto, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ilitupilia mbali shauri lililoupinga. Waraka ulielekezwa kwa kampuni hizo, wala haukutaja kifaa kilicho kabatini kwako. Matokeo yake kwako ni haya: hakuna mdhibiti atakayekurudishia kilichopotea. Kwa kiasi kikubwa, muulize wakili.

22. Nikifa, familia itafikaje kwenye akiba?

Usiandike maneno ya urejeshaji ndani ya wosia, kwa sababu wosia husomwa mbele ya watu na nakala zake hupita ofisi nyingi. Andika kwamba akiba ipo na ni nani wa kuulizwa, kisha gawanya kilichobaki: mmoja ajue bamba liko wapi, mwingine awe na neno la ziada ndani ya bahasha. Mpangilio wa swali la 18 unarahisisha jambo hili. Fanya nao zoezi moja ukiwa hai, kwa kiasi kidogo.

23. Nimesoma kwamba chipu ya ESP32 ina mlango wa nyuma, na iko ndani ya Jade. Niitupe?

Usiitupe. Mwezi Machi 2025 kampuni ya Tarlogic ya Hispania ilitangaza kwamba imekuta amri 29 zisizoandikwa kwenye nyaraka katika sehemu ya Bluetooth ya chipu hiyo, na mwanzoni ikaziita mlango wa nyuma. Baadaye yenyewe ililegeza maneno, kwa kuwa amri hizo hutumiwa na programu iliyo tayari ndani ya kifaa, wala hazimfungulii mtu wa mbali. Kila ukisoma habari ya aina hii, tafuta mambo matatu: mshambuliaji anatakiwa awe wapi, awe na nini mkononi tayari, na je, anafika kwenye ufunguo au anasumbua sehemu nyingine tu.

24. Sarafu zimeondoka na sikutia saini yoyote. Nifanye nini sasa?

Usikifute kifaa wala kukisasisha, kwa sababu ushahidi uko ndani yake. Kama kuna kilichobaki, au kama una pochi nyingine iliyozaliwa katika kifaa hicho, hamisha mara moja kwenda kwenye maneno mapya yaliyozalishwa na kifaa cha mtengenezaji mwingine. Andika namba ya muamala, tarehe, saa, na anwani zilizopokea. Ikiwa sarafu zimepelekwa katika soko linalojulikana, liandikie siku hiyo hiyo, kisha upige ripoti polisi ili uwe na namba ya jalada, ambayo soko hilo litaidai kabla ya kuzuia chochote.

Kifaa, boksi, risiti na kadi zote viwekwe pamoja ndani ya bahasha iliyoandikwa tarehe. Ndani ya siku chache pengine utapigiwa simu au kuandikiwa na mtu anayedai ni mtaalamu wa kurejesha sarafu zilizoibwa, atakayeomba malipo kidogo ya kuanzia au maneno yako ya urejeshaji. Usimjibu, na namba yake uiongeze katika jalada.